Dawa ya jino si koleo peke yake

Wahenga walinena kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Katika siku zao hawakukosea, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kumwokoa mtu na maumivu yale. Lakini huku kwetu, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, msemo huu ungali sheria, na kwa sheria hii watu wengi hupoteza meno ambayo yangewafaa kwa miaka mingi.

Ndani ya jino mna nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, nayo hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi. Sukari ya soda, chai au mabuyu inapokaa mdomoni, vijidudu huigeuza kuwa asidi inayolitoboa jino taratibu. Tundu likiifikia nyama hiyo, mtu halali usiku. Baada ya siku kadhaa huenda maumivu yakakoma ghafla, naye akamshukuru Mungu kwamba amepona. La hasha! Nyama ya ndani imekufa, na vijidudu vinateremka kuelekea taya.

Hapo ndipo karafuu inapotiwa tunduni, au vidonge vinaponunuliwa dukani. Karafuu si ya kudharauliwa. Mafuta yake hutuliza neva, na hata madaktari wa meno huyachanganya na oksidi ya zinki kuwa dawa ya kuzibia. Walakini, haiondoi uozo. Viuavijasumu navyo husafiri ndani ya damu, ilhali jino lililokufa ndani halifikiwi na damu. Ndiyo sababu uvimbe hupungua leo ukarudi mwezi ujao. Sisi madaktari wa magonjwa ya jumla, ambao aghalabu ndio tunaoonwa kwanza, tusiandike vidonge na kumwacha mgonjwa aende zake. Vidonge hivyo vinafaa homa na uvimbe vinapoenea, tena pamoja na kuondoa chanzo chenyewe.

Tiba ya mzizi huondoa chanzo hicho na kuliacha jino mahali pake. Daktari wa meno hutia ganzi, akalitenga jino kwa kipande chembamba cha mpira, akalitoboa na kuitoa nyama iliyooza. Kisha husafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba mithili ya sindano na kwa maji ya kuua vijidudu, akaijaza gutaperka, yaani utomvu wa mti wa Kusini Mashariki mwa Asia, na kuliziba. Jino la mbele kwa kawaida huwa na mfereji mmoja. Gego laweza kuwa na mitatu au minne, na likiwa gumu huhitaji mtaalamu aliyesomea kazi hiyo.

Tatizo ni pesa na umbali. Kung'oa huchukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo. Tiba ya mzizi huhitaji eksirei, vifaa na pengine ziara mbili au tatu. Mtu wa Tiwi akielekezwa Mombasa, kila ziara ni nauli, foleni ya feri ya Likoni na kibarua cha siku nzima kilichopotea. Si ajabu akichagua koleo. Lakini wapangao bajeti na bima wahesabu pia bei ya meno ya bandia yatakayofuata.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini alikuwa na meno yaliyooza. Maadamu afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013, jambo hili ni letu sisi wa Kwale. Siombi mtaalamu katika kila zahanati. Naomba tuanze na meno ya mbele, ambayo daktari wa meno wa kawaida aweza kuyatibu akiwa na vifaa. Kijana anayetafuta kazi ya mapokezi katika hoteli za Diani hutazamwa tabasamu kabla ya cheti. Tufuatie na gego la kwanza la kudumu, linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na ambalo wazazi wengi hudhani ni la utotoni. Kwa magego magumu, mtaalamu aje Msambweni kwa zamu, badala ya wagonjwa wote kuvuka kumfuata.

Si kila jino la kuokolewa. Lililovunjika chini ya ufizi, au lililolegea kwa kupoteza mfupa, huenda likabidi litolewe. Aidha, uvimbe chini ya taya pamoja na homa, shida ya kumeza au ya kupumua ni hatari kwa maisha. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo.

Lakini wewe msomaji, kabla ya kukubali koleo, muulize daktari: "Je, jino hili laweza kuokolewa?" Swali hilo halilipiwi, na jino la ukubwani likishatoka halioti tena.