Huwezi Kurisiti Mtihani Ambao Hukufeli

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la tatu kanisani, ubavuni mwangu binti wa kaka yangu, katika ibada ya kuwaombea wahitimu. Mhubiri alikuwa mgeni. Alizungumza vizuri mpaka alipofika kwenye mitihani. "Kama umeandika mtihani wa kwenda kusoma Marekani ukapata alama ndogo, usiikubali hiyo alama," alisema. "Rudia. Rudia tena. Rudia mpaka shetani achoke!" Kanisa zima likaitikia amina. Binti wa kaka yangu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote waliokuwa jirani yetu, kwa sababu alikuwa ameshachagua tarehe ya kuandika GRE kwa mara ya tatu. Kilichobaki ni kulipa, na baba yake alikuwa ameshakopa hela kwenye kikoba.

Mimi sikuitikia. Hasira ile nimekaa nayo siku tano, na leo naiandika.

Sisi Watanzania tumelelewa na kurisiti. Mtoto aliyepata sifuri kidato cha nne anajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, anasoma jioni, kisha anarudi kwenye chumba cha mtihani. Aliyemaliza kidato cha sita na D moja na E moja ana pointi 3, wakati chuo kikuu hapa kwetu kinataka masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Mlango wake umefungwa kwa pointi moja tu. Huyo arudie, na nauli nitamchangia mimi. Kurisiti kwa namna hiyo kumeokoa maisha ya watu wengi ninaowafahamu, na sina neno nako.

Lakini GRE haina sifuri. Haina daraja la kwanza wala la nne, wala haina mstari ambao ukiuvuka umefaulu na usipouvuka umefeli. Ni mtihani ulioasisiwa mwaka 1936 chini ya taasisi ya Carnegie, wakati vyuo vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia vilipokuwa vikitafuta namna ya kuwalinganisha waombaji wa masomo ya juu. Leo unaendeshwa na Educational Testing Service ya New Jersey. Sehemu ya lugha inapimwa kuanzia 130 hadi 170, ya hisabati vivyo hivyo, na insha kuanzia 0 hadi 6. Basi. Hakuna mahali popote kwenye karatasi ya matokeo palipoandikwa kwamba umefeli, na hilo neno tumelipachika sisi wenyewe, kwa sababu tumezoea kulitafuta.

Wenye mtihani wenyewe wanachapisha jambo ambalo wauza tuisheni hawalitaji kamwe: kipimo chao kina kosa lake, takriban alama mbili kwa kila sehemu, iwe juu au chini. Maana yake ni kwamba mtu yuleyule, mwenye akili ileile, akiandika mwezi huu na akaandika tena mwezi ujao bila kujifunza chochote katikati, anaweza kupata 154 mara ya kwanza na 157 mara ya pili. Hakuwa mjinga akageuka mwerevu. Mzani umecheza. Muuza samaki wa Feri anayejua kwamba mzani wake unacheza gramu hamsini hagombani na mteja kwa gramu thelathini, lakini sisi tunakopa kwenye vikoba kwa ajili ya gramu thelathini hizohizo.

Mara ya kwanza binti huyu alipata 156 hisabati na 150 lugha. Akaenda tuisheni, jioni tatu kila wiki, miezi mitano. Mara ya pili aliandikia nyumbani kwangu, maana tangu mwaka 2020 inaruhusiwa kuandikia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera. Tulinunua ubao mweupe mdogo wa kukokotolea, kwa sababu karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Wajukuu niliwapeleka kwa jirani, nikakaa ukumbini bila hata kuwasha redio, nikiomba umeme usikatike. Umeme haukukatika. Alipata 158 na 149.

Jumlisha. Ilikuwa 306, ikawa 307.

Alama moja. Ada ya mtihani ni dola 220, zaidi ya laki tano kwa hela yetu, na hapo sijagusa tuisheni, daladala, vitabu wala bando la intaneti. Sehemu ya lugha, ambayo ndiyo aliyoisomea zaidi, ikashuka. Na baada ya yote hayo anasimama mtu madhabahuni kumwambia arudie mpaka shetani achoke. Anayechoka hapa ni kaka yangu, fundi wa majokofu Tabata, ambaye marejesho ya kikoba anayapeleka kila Jumamosi, awe amepata kazi wiki hiyo au hakupata. Sheria za mtihani zinaruhusu mtu kuandika kila baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Mara tano ni dola 1,100. Ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu, na kwa mahubiri ya Jumapili ile kila moja ya safari hizo tano ni ushahidi wa imani.

Hiyo si imani. Kijana anayeweka mkeka kila Jumamosi naye anaamini kwamba safari hii timu zote tano zitashinda. Tunamkemea, tunamwita mvivu, tunamhubiria. Anayeweka laki tano kwenye alama mbili za GRE tunamwekea mikono kichwani tunamwombea.

Nikiyasema haya napewa jibu ambalo nimelisikia mpaka kwenye redio asubuhi, kutoka kwa wale wahamasishaji wanaolipwa kupiga kelele kabla watu hawajanywa chai: eti mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara mia, na hakuna mzazi anayemwambia aache. Sawa. Mtoto halipi dola 220 kila anapoanguka! Wala kutembea kwake hakupimwi kwa dakika 118 na watu wasiomjua walioko ng'ambo ya bahari. Zaidi ya hayo, mtoto anapoanguka anakuwa anafanya kitu kilekile anachotaka kukijua, yaani kutembea. Anayerudia GRE hafanyi utafiti, haandiki, hasomi makala za fani yake. Anajifunza GRE. Siku akiingia maabara hakuna atakayemtaka amalize maswali 12 ya lugha kwa dakika 18.

Wengine, wenye majibu ya haraka, wananikumbusha kwamba mwombaji siku hizi anachagua alama zipi zipelekwe chuoni, kwa hiyo zile mbaya hazionekani na hasara hakuna. Hasara ipo. Chuo hakiioni, lakini kaka yangu anaiona. Na miezi mitano ya jioni za binti yake haiwezi kufichwa popote.

Miezi ndiyo inayoniuma, kwa sababu yangu nimeshaipoteza. Niliandika GRE mara mbili, enzi za kipimo cha zamani cha 200 hadi 800. Kati ya mtihani wa kwanza na wa pili ilipita miezi minne. Nilikuwa na daftari saba za mahojiano na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kina mama walioingia baharini maji yanapokupwa na kutoka yanapojaa. Walinieleza jinsi kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulivyokuwa ukiwafia mikononi, nao wakabaki na spinosamu ambao bei yake haikutosha hata ada ya shule. Badala ya kuyaandika hayo, nilikaa nakariri maneno ya Kiingereza ambayo sijakutana nayo tena mpaka leo. Alama ya lugha ilipanda kwa 20, ya hisabati ikashuka kwa 10.

Chuo kilinichukua. Miaka mitatu baadaye, profesa aliyekuwa kwenye kamati ya udahili mwaka ule aliniambia ni kitu gani kiliwafanya waniunge mkono. Ni zile kurasa mbili kuhusu mwani. Kurasa hizo niliziandika kwa usiku mbili, nikikimbizana na tarehe ya mwisho, kwa sababu muda wa kuziandika vizuri ulikwenda kwenye kukariri. Nusu ya daftari zile sijazigusa tena. Mama mmoja wa Jambiani aliyenipa maelezo mazuri kuliko wote ameshafariki, na maswali niliyotaka kurudi kumuuliza ninayo bado.

Wakati sisi tunakesha, huko kwenyewe wanaachana nayo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wao wa uzamivu katika sayansi za tiba, wakitaka kujua kama alama za GRE zilionyesha nani angemaliza masomo na nani angechapisha makala. Hazikuonyesha. Idara za biolojia, moja baada ya nyingine, zikaanza kuufuta mtihani huu kwenye masharti yao, na mwaka 2022 skuli ya Rackham, inayosimamia masomo ya juu ya Chuo Kikuu cha Michigan, ikauondoa kwenye udahili wote wa uzamivu. Habari hizi si siri. Ziko kwenye kurasa za vyuo, kwa maandishi makubwa, na kuzisoma hakulipiwi.

Jumapili hiyo jioni nilimwomba binti anionyeshe orodha ya vyuo anavyotaka kuomba. Vilikuwa saba, vyote vya uzamivu wa biolojia ya magonjwa. Tukafungua ukurasa wa kila kimoja, mimi na miwani yangu na yeye na simu yake. Vitano havitaki GRE kabisa, na kimoja kati ya hivyo kimeandika wazi kwamba hata ukiituma hawataiangalia. Kimoja kinasema ni hiari. Kimoja tu ndicho kinachoitaka, na chenyewe kinaeleza kwamba hakina alama ya chini.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Shangazi, kwa hiyo ile miezi mitano?" Sikuwa na la kumjibu.

Hakuna aliyemwambia, na hilo ndilo linalonikera kuliko mhubiri. Mwenye tuisheni hakumwambia, kwa sababu anakula hapo. Walimu wake wa chuo hawakumwambia, kwa sababu alipowaendea kuwaomba barua za mapendekezo, mmoja alimjibu, "Andika mwenyewe, mimi nitasaini." Nimeifanya kazi ya kufundisha na nasema bila kuficha: mwalimu anayemwambia mwanafunzi aandike barua ya kujisifu kisha yeye aweke sahihi anamwibia. Kamati zinasoma barua hizo kwa makini. Zinatafuta mtu aliyemwona mwombaji akikosea hesabu ya sampuli, akagundua mwenyewe, akaanza upya. Mwanafunzi hawezi kujiandikia hilo. Barua iliyoandikwa na mwalimu aliyeyaona hayo ina thamani kubwa kuliko alama tano za hisabati, na haigharimu senti. Inamgharimu mwalimu saa mbili, na saa mbili hizo ndizo anazomnyima.

Wazazi nao wanapima akili kwa namba tu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Nilishangilia, na rafiki zangu wengi wakanuna. Niliwasikia wakilalamika kwamba sasa watajuaje nani ana akili. Wazazi hao ndio wanaomuuliza mhitimu wa miaka ishirini na sita, mbele ya wageni, "Umepata ngapi?" Binti akitaja 307 wanaguna, ingawa hakuna hata mmoja wao anayejua mtihani huo unaishia wapi.

Najua nitatafutiwa mtu aliyerudia akapanda alama kumi na tano akapata ufadhili. Huyo huenda alikuwa na homa mara ya kwanza, au hakuwa amegusa hesabu tangu kidato cha nne. Mgonjwa arudie akipona.

Huyu wetu hakuwa mgonjwa. Ana misimu miwili ya mvua ya data juu ya mabuu ya mbu katika mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero, data aliyoikusanya akiwa na viatu vya mpira na kijiko cha kuchotea, dimbwi kwa dimbwi. Nilimwomba nione maelezo yake binafsi, yale yanayosomwa na kamati za udahili. Tarehe ya mwisho ya vyuo vyake vitatu ni tarehe mosi Desemba. Maelezo yalikuwa na mistari minne, na mstari wa kwanza ulisema kwamba tangu utotoni amependa sayansi. Kuhusu Kilombero hapakuwa na neno hata moja.

Tumekubaliana akae kwangu mpaka amalize, na chumba alichofanyia mtihani sasa ni chake. Jana amenisomea ukurasa wa kwanza. Umeanzia kwenye dimbwi moja nyuma ya nyumba ya mkulima, ambalo mara ya kwanza alilikuta na mabuu tele na mara ya pili halina hata moja, na hakuelewa kwa nini. Ndipo kaka yangu akapiga simu.

"Dada, ile hela ya kikoba niifanye nini?"

Nikamwambia airudishe Jumamosi hii hii, yote.