Unene Si Cheti cha Afya

Kati ya Busia na Tororo hakuna sifa inayotolewa kwa wepesi kama hii: "Umenenepa! Umependeza!" Shangazi anaitoa mlangoni, mchungaji anaitoa baada ya ibada, mwenye duka anaitoa akirudisha chenji. Mtu akipungua kilo chache, minong'ono inaanza. Ana nini? Mumewe hamtunzi? Amepimwa? Naipinga imani hii kwamba mwili mkubwa ni ushahidi wa afya na mwili mdogo ni ushahidi wa maradhi au dhiki. Naipinga kwa sababu inaua watu wetu, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mpaka, na inawaua huku wakisifiwa.

Imani yenyewe haikuzaliwa na ujinga. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha ripoti ya madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai, UKIMWI, ambao wananchi walikuwa wameshaupa jina la Slim kwa jinsi ulivyowakausha watu. Barabara ya malori kutoka Mombasa kwenda Kampala inapita Malaba na Busia, na ugonjwa ulisafiri na barabara. Wazee wa leo wanakumbuka miaka ambayo kila wiki ilikuwa na matanga, na waliozikwa walikuwa wamebaki mifupa. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987, lilifungua kituo Tororo kuwahudumia waliokuwa bado hai. Baadaye dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika vijijini, dalili ya kwanza ya kupona ambayo kila mtu aliiona kwa macho yake ilikuwa uzito. Mashavu yalijaa, nguo zikakaa mwilini tena. Aliyenenepa alikuwa amerudishwa kutoka kaburini. Kwa hiyo jicho la mpakani lilifundishwa na misiba, na kwa wakati ule lilisoma sawasawa.

Wakati ule umepita. Jicho halikuambiwa.

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 uliwapima watu wazima wa miaka 18 hadi 69. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kwa wanawake peke yao ilikuwa asilimia 38.5. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wote hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Utafiti kama huo wa Uganda, wa mwaka 2014, ulikuta hali inayofanana, na zaidi ya robo tatu ya waliokuwa na presha hawakujua kwamba wanayo. Watu hao hawatambuliki kwa kuangaliwa tu. Wengi wao ndio wale tunaowaambia wamependeza.

Presha haiumi. Hiyo ndiyo hatari yake. Inakaa na mtu miaka na miaka, anakula, anacheka, anaongoza kwaya, mpaka siku anapoamka mdomo umepinda na mkono umekufa. Hapo majirani wanasema ametupiwa kitu, na pesa ambazo zingenunua dawa za presha zinaishia kwa mganga. Aliyefariki kwa kiharusi anazikwa kama aliyerogwa, na ndugu zake, ambao huenda wana presha ile ile, wanarudi nyumbani kumtafuta mchawi badala ya kutafuta mashine ya kupima presha.

Kuna kundi ambalo imani hii inalidanganya zaidi ya wengine: wanaoishi na virusi. Kuanzia mwaka 2018 hivi Kenya na Uganda zimewahamishia wagonjwa wengi kwenye dolutegravir. Ni dawa nzuri sana, yenye nguvu na madhara machache, na asithubutu mtu kuiacha kwa sababu ya makala haya. Lakini utafiti uitwao ADVANCE, uliofanywa Johannesburg na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walinenepa kuliko waliotumia efavirenz, dawa ya awali, na wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Mwaka 2020 watafiti wa Kampala waliripoti wagonjwa kadhaa ambao sukari ilipanda sana baada ya kubadilishiwa dawa. Mama aliyeokolewa na vidonge mwaka 2006 anaona kila kilo inayoongezeka kama baraka. Nani atamlaumu? Wajibu ni wetu kumwambia kwamba virusi vimelala, ila sasa kuna presha na sukari za kuchunga.

Tuje kwenye chakula. Asubuhi ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi. Mchana, upande wa Uganda, ni roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, imekaangwa kwa mafuta mengi na inasindikizwa na soda. Jioni ni mlima wa ugali, au posho kama wanavyouita ng'ambo, na kijiko cha mboga pembeni. Ule ugali wa mihogo na mtama ambao Wateso na Wasamia wamekula vizazi vingi, pamoja na kunde, mrenda, managu na omena, sasa unaonewa aibu mbele ya wageni kana kwamba ni chakula cha waliokosa. Mgeni wa heshima anapikiwa wali na chapati, na mboga ya majani haionekani mezani. Katika utafiti ule wa Kenya, asilimia 94 ya watu hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa kwa siku. Hii ni nchi ambayo mrenda unaota wenyewe nyuma ya jikoni.

Na kazi za mwili zimepungua. Bodaboda zilianza Busia miaka ya 1960 zikiwa baiskeli, na kijana aliyevusha abiria kutoka kituo cha mpaka wa Kenya hadi cha Uganda alikuwa akikanyaga pedali kutwa. Leo mwanawe anakaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri, na abiria wake anapanda kwenda mahali ambapo bibi yake alikwenda kwa miguu na kapu kichwani. Sisemi turudi kwenye baiskeli. Nasema tumbo limebaki na sahani ya mkulima wakati miguu imeacha kazi.

Anayelipa zaidi ni mwanamke. Uzito wake umefanywa kipimo cha uwezo wa mumewe. Akiolewa asiponenepa, ukoo mzima unauliza anakula nini huko. Nawajua kina mama wa sokoni wanaoshuka ngazi kwa kushikilia ukuta, wanaolala wameketi kwa sababu pumzi haitoshi, wasioweza tena kupiga magoti kanisani. Daktari amewaambia wapunguze. Wakijaribu, mashemeji wanaitisha kikao kuuliza ni ugonjwa gani. Basi wanarudi kwenye sahani ile ile ili ndoa yao isisemwe. Maisha bora gani hayo, mtu hawezi kufika kisimani kwake mwenyewe?

Nitaambiwa kwamba njaa bado ipo. Ipo. Uganda mwaka 2016 ilikuwa na asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, na Kenya mwaka 2022 asilimia 18. Lakini ingieni nyumbani mtazame: mara nyingi mtoto aliyedumaa na mama mwenye presha wanakula sufuria moja. Wanga umejaa, vingine havipo. Unene wa mama haukumlisha mtoto, na kudumaa kwa mtoto hakumlindi na sukari atakapokuwa mkubwa.

Wala simtukani mtu mnene. Anayemcheka anatumia jicho lile lile bovu. Wako wembamba wenye sukari, wako wanene wenye mishipa mizima. Jicho halipimi damu.

Mashine inapima. Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa mradi wa SEARCH walizifikia jamii 32 za Kenya na Uganda, zikiwemo za eneo la Tororo, na mtu aliyekuja kupimwa virusi alipimwa presha na sukari hapo hapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mahali huduma zilipounganishwa hivyo, presha za watu zilidhibitiwa vizuri zaidi. Na mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva walizuiwa Malaba na Busia mpaka wapimwe, na foleni za malori zikafika kilomita nyingi. Mpaka ulioweza kufanya hayo hauwezi kukosa meza moja, kiti kimoja na mashine ya presha penye njia ya wachuuzi, pale kituo cha pamoja cha mpakani na pale soko la Sofia. Naiomba serikali ya kaunti ya Busia na viongozi wa wilaya za Busia na Tororo waziweke.

Nawe msomaji usiwasubiri. Tangu Septemba 2023 Kenya imewagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Mwite wa kijijini kwenu wiki hii akupime, kisha ampime na yule shangazi mnayemsifu kwa mwili wake.