Acheni kuwaambia watu mionzi ni "kuchomwa"

Kila mtaa uko na yule msee ambaye akisikia mama ya mtu ana saratani, anasema, "Msikubali achomwe, hiyo mashine ndiyo inamaliza watu." Halafu familia inaogopa, inaenda kutafuta mizizi, na miezi inaisha. Hiyo hadithi imetuua vya kutosha.

Mimi niliacha kampasi, sijifanyi daktari. Lakini hii kitu si ngumu. Mionzi inaharibu DNA ya seli za saratani, na ikigusa nyama nzima inaiumiza pia. Zamani walikuwa wanapanga kwa picha za mwanzoni, wanachora alama kwa ngozi, kisha wanalenga hapo hapo wiki baada ya wiki. Shida ni kwamba mwili hautulii. Uvimbe kwa mapafu unapanda na kushuka na pumzi. Tezi dume inasukumwa na mkojo, hata na gesi (ndio, ushuzi unaweza kuharibu hesabu za madaktari). Kwa hivyo ilibidi wapige eneo kubwa kuliko uvimbe wenyewe, ndio wasikose.

Siku hizi mashine nyingi za kisasa ziko na skana yake. Unalala, inakupiga picha, wanalinganisha na ile ya mpango, meza inasongeshwa kwa milimita, ndio mionzi inawashwa. Ukiambiwa ukunywe maji kwanza ama ushike pumzi, hawakusumbui, wanalenga. Mwaka wa 2017 pale Utrecht, Uholanzi, walianza kutibu watu na mashine iliyounganishwa na MRI, wanaona uvimbe huku mionzi ikiendelea. Manze, hiyo ni noma.

Madhara bado yako. Utachoka, ngozi inaweza kuwa nyeusi pale ilipopigwa. Nani alisema ni peremende?

Lakini kama unataka kukasirika, kasirikia kitu ya maana. Mwaka wa 2016 mashine ya pekee ya mionzi Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa ikabidi waletwe Nairobi. Picha safi haisaidii mtu kama mashine imekufa ama foleni ni ya miezi. Hayo ndiyo ya kuuliza wabunge: mashine ziko ngapi, na nani anazitengeneza zikizima?

Na ukimpeleka mzazi wako, uliza hivi: "Daktari, mnampiga picha kabla ya kila mionzi, ama mara ngapi?" Ni haki yako kujibiwa.