Wanawake wa Mbiru Wasizikwe Pamoja na Habari Zao

Afapo bibi aliyekaribia umri wa karne moja katika Milima ya Upare, majirani hukusanyika, maiti husitiriwa kwa heshima, na mmoja wa ukoo husimama akasoma wasifu wa marehemu: mwaka aliozaliwa, ndoa yake, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, kisha maradhi yaliyomwondoa duniani. Hayo yote ni haki yake. Lakini aghalabu halitajwi jambo ambalo taifa zima lina deni nalo, yaani alifanya nini bibi huyu katika siku za Mbiru.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Kiingereza, kwa mikono ya machifu, iliwatwika Wapare kodi nyingine juu ya kodi ya kichwa, ikikadiriwa kwa kiasi cha mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru kwa jina la ushuru wa kale. Wapare waliikataa, si kwa ubakhili, bali kwa kuwa waliiona ni dhuluma mali zao kukadiriwa na watu wasiowaamini. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same wakapiga kambi penye boma la serikali, Paulo Mashambo akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakakaa huko muda mrefu. Na mume akiwa Same, jembe, mifugo, watoto na wazee vilibaki mikononi mwa mke.

Ndipo wanawake, hasa wale wa Usangi, walipotoka wakaandamana kuwakabili wakuu wa serikali, wakamtaka mkuu wao achague moja kati ya mawili: ama aimalize kesi ya kodi ili waume zao warudi majumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Huo ulikuwa ujasiri uliomvua mtawala haiba yake mbele ya raia, na hatimaye mbiru iliondolewa, miaka kadhaa kabla ya chama cha TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Binti aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 ni rika moja na Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000, ambaye jina lake limepewa barabara kuu jijini Dar es Salaam, na anastahili. Lakini mtangulizi wa mapambano ya uhuru si yule peke yake aliyepanda jukwaani au kukalia kiti cha Bunge. Ni pia yule aliyethubutu kusema mbele ya dola wakati kusema kulikuwa hatari. Marhumu Profesa Isaria Kimambo alituandikia kitabu cha Mbiru, kilichochapishwa mwaka 1971, naye alitimiza wajibu wake. Bali kitabu kimoja hakiwezi kubeba majina ya kila nyumba.

Kwa hiyo nawasihi wana wa Same na Mwanga, walimu, mashehe na wachungaji: waulizeni wazee waliosalia, ambao mama zao waliandamana, mkayaandike majina hayo na kuyasoma makaburini na madarasani. Kumzika mtu kwa heshima ni pamoja na kuisema kweli ya kazi yake.