Kiki ya Miezi 15 Jela? Acheni Utani

Mwanamke akidakwa kwa alichoandika, mitandaoni lazima washuke watu na wimbo wao uleule: "Anatafuta kiki huyo." Haya, tuihesabu hiyo kiki.

Stella Nyanzi wa Uganda, msomi mwenye udaktari wake, alikorofishana na wakubwa kwa sababu ya pedi. Ndiyo, pedi. Kwenye kampeni za 2016 Rais Museveni aliahidi pedi za bure kwa wanafunzi wa kike. Mwaka uliofuata mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa waziri wa elimu wakati huo, akasema hela hakuna. Nyanzi akaanza kuchangisha pedi mwenyewe, huku akiwachamba wote wawili Facebook. Aprili 2017 akabebwa, mwezi na ushee Luzira. Novemba 2018 akabebwa tena, safari hii kwa shairi la siku ya kuzaliwa ya Rais lililomgusa mpaka marehemu mama yake. Agosti 2019 akapigwa miezi 18. Mahakama Kuu ilipofuta hukumu Februari 2020, alikuwa ameshakaa ndani kama miezi 15, na nyumbani ana watoto watatu.

Kuna staa gani mjini angeinunua kiki kwa bei hiyo?

"Siyo siasa bwana, ni matusi yake." Sawa, lile shairi huwezi kulisoma mbele ya mama mkwe. Lakini watu wanachambana kila siku mitandaoni, mpaka na bibi zao waliolala makaburini, na wanalala kwao. Na kama shida ni lugha, basi Nawal El Saadawi alifungwa kwa lipi? Huyo alikuwa daktari wa Misri, anaandika kisomi kabisa. Septemba 1981 Sadat alipowakamata wapinzani zaidi ya 1,500, na yeye akasombwa. Gerezani kalamu na karatasi zilikuwa marufuku, akaandika kwa penseli ya nyusi juu ya karatasi za chooni. Ile ile ya kuchorea nyusi, shosti. Kitabu kikatoka.

Nyanzi naye alitoka na mashairi ya jela, yakachapishwa 2020. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakifuta kifungu cha "mawasiliano ya kuudhi", kimojawapo cha vile alivyoshtakiwa navyo. Wakati huo yeye na wanawe walishahamia Ujerumani.