Miaka 50 ya Kituo cha Sheria: Sasa Zamu ya Lugulu

Mwaka wa 2023 Kituo cha Sheria kilitimiza miaka 50 tangu kilipoanzishwa jijini Nairobi. Tunakipongeza kwa moyo wote. Nusu karne imepita na kazi yake haijabadilika: kumsimamia mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila kulipwa haki yake, mpangaji aliyetupiwa vyombo nje usiku, na familia inayofukuzwa katika ardhi iliyoizoea.

Sherehe zilikuwa za Nairobi, lakini jubilei ni ya taifa. Sisi wa Lugulu, Webuye, Kimilili na Kitale tuna sababu zetu za kuiadhimisha, na tuna deni la kudai.

Kituo kilipozaliwa mwaka wa 1973, Kenya ilikuwa na umri wa miaka kumi tu ya uhuru. Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1970, na mawakili Waafrika walikuwa wachache. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametangulia na kamati yao ya msaada wa kisheria mwaka wa 1967. Mawakili vijana wa Nairobi walikubali jambo ambalo wakubwa wao wengi hawakuliona kuwa wajibu: kwamba maskini naye anastahili wakili, na kwamba wakili anaweza kutoa sehemu ya muda wake bila kudai shilingi.

Haikuwa kazi salama. Katika miaka ya chama kimoja, kumtetea mkazi wa mtaa wa mabanda dhidi ya tingatinga kulihesabiwa kuwa siasa. Katika miaka ya 1990 ofisi za Kituo zilishambuliwa kwa mabomu ya petroli. Ujumbe ulikuwa wazi, na jibu la Kituo likawa wazi vilevile: milango ilifunguliwa tena na wateja wakarudi.

Tangu hapo kimefika mahali ambapo wengi hawakutarajia. Kimewafunza wafungwa sheria ndani ya magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, wakawa wanawasaidia wenzao kuandika rufaa. Serikali ilipoagiza mwishoni mwa 2012 kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudishwe kambini, Kituo kilikwenda Mahakama Kuu. Julai 2013 Jaji David Majanja alilifuta agizo hilo. Uamuzi huo uliwalinda watu wasio na kura wala jamaa serikalini, na hicho ndicho kipimo cha shirika la aina hii.

Tunayataja haya kwa fahari. Hata hivyo, heshima kubwa zaidi tunayoweza kukipa Kituo ni kuuliza kazi yake imefika wapi huku kwetu.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 48, inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote inayotozwa iwe ya kadiri, isiyomzuia mtu. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wa jinai wakili kwa gharama ya serikali endapo bila wakili atadhulumiwa sana. Mshtakiwa amekumbukwa, na ni vyema. Lakini mama anayenyang'anywa shamba hakushtakiwa kwa lolote. Kesi yake ni ya madai. Wakili wa serikali hamjii kwa haki hiyo, na shamba likishakwenda, watoto wake wanne wamekwenda nalo.

Katika kaunti zetu za Bungoma na Trans Nzoia, ardhi ndiyo benki, ndiyo pensheni, ndiyo karo ya shule. Kwa hiyo ndiyo kesi.

Tulitazame jambo hili kwa undani, maana ndipo wengi wetu huumia. Mwenye shamba akifariki, wazee hukaa na familia. Katika desturi ya Wabukusu, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi huwa pia siku ya kutaja madeni na mali. Ni desturi yenye hekima yake, na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia za kienyeji za kusuluhisha migogoro maadamu hazivunji haki za mtu. Tatizo huanza wazee wanapoondoka. Hatimiliki ingali na jina la marehemu. Shemeji amechukua ng'ombe. Kaka mkubwa ameanza kukodisha ekari mbili kwa wakulima wa miwa, na hakuna aliyekwenda kortini.

Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, imeweka njia. Familia inapata barua ya chifu inayotaja warithi. Ombi linapelekwa mahakamani. Tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha mgao. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa la jinai. Ni wajane wangapi wa Lugulu waliowahi kuambiwa hivyo na mtu anayejua sheria?

Na binti je? Mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya familia ya Rono, iliamua kwamba mabinti hawawezi kupunjwa urithi kwa sababu tu wao ni wanawake na huenda wakaolewa. Miaka mingi imepita tangu hapo. Mabaraza mengi ya ukoo bado yanagawa kana kwamba hukumu hiyo haikuandikwa.

Kuna pia balaa la mikataba ya kuuziana mashamba. Karatasi ya daftari, sahihi mbili, mzee wa kijiji shahidi, pesa zimehesabiwa mezani. Mnunuzi hujenga na kuzika wazazi wake hapo. Hajui kwamba, kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, mauzo ya shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi la idhini lilipaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Muuzaji akifa, wanawe hujitokeza wakidai kwamba mauzo yalikuwa batili. Upande wa Kitale ugumu huongezewa na historia: mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika baada ya uhuru, na wapo wenye hisa waliokaa miaka mingi wakiwa na risiti bila hatimiliki. Saa moja ya ushauri kabla ya kutia sahihi ingeokoa miaka kumi ya kesi. Saa hiyo moja ndiyo msaada wa kisheria tunaouzungumzia.

Bunge halikulala kabisa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na Hazina yake, na ikawapa nafasi ya kisheria wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa. Kituo na mashirika mengine yalikuwa yameipigania hatua hiyo kwa miaka. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka mmoja baadaye. Yetu ina mipaka yake: kesi za madeni, kufilisika na kashfa haziingii. Lakini ardhi, mirathi, ndoa na matunzo ya watoto zimo. Kinachokosekana ni fedha na watu. Hazina hiyo haijawahi kupewa bajeti inayolingana na ahadi iliyoandikwa.

Zipo njia nyingine ambazo mwananchi angezitumia leo kama angeambiwa. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Hazisikilizi ugomvi wa umiliki wa shamba, lakini mhudumu wa bodaboda aliyegongwa, au mkulima aliyeuza mahindi asilipwe, anaweza kwenda huko. Kanuni za mashauri ya madai, katika Agizo la 33, zinamruhusu asiye na uwezo aombe kushtaki kama fukara bila kulipa ada ya mahakama. Kanuni hiyo ipo vitabuni, na wananchi wengi hawajawahi kuisikia.

Lugulu inajua jinsi huduma inavyosogezwa karibu. Wamishonari wa kanisa la Friends (Quakers) hawakungoja wagonjwa wetu wafike Nairobi. Walijenga hospitali hapa, na vizazi kadhaa vimezaliwa humo. Sheria nayo inahitaji zahanati yake: chumba kimoja, msaidizi wa kisheria aliyefunzwa na kuidhinishwa, meza, kabati la faili, na wakili anayefika kwa zamu. Kwa sasa mwenye shauri la ardhi hupanda matatu hadi Webuye, au Bungoma iliko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akalipa nauli ili aambiwe kwamba fomu yake haikujazwa sawasawa na arudi wiki ijayo. Wengi hawarudi.

Kituo kimekwisha kuonyesha kwamba chumba hicho kinawezekana. Wasaidizi wake wa kisheria ni watu wa mtaani, wanaojua lugha ya wateja wao na koo zao. Huandika barua za madai, husuluhisha, humwandaa mtu ajitetee mbele ya hakimu, na huita wakili pale shauri linapowazidi. Hakuna sababu ya mpango huo kukomea mijini.

Wala tusidhani kwamba kilichopatikana hakiwezi kupotea. Uingereza ilikuwa na sheria ya msaada wa kisheria tangu 1949, ikatazamwa na dunia nzima kama mfano. Mwaka wa 2012 bunge lake lilipitisha sheria iliyoondoa kesi nyingi za familia, kazi na ustawi wa jamii katika orodha ya zinazogharamiwa, na kuanzia Aprili 2013 watu wengi waliingia mahakamani peke yao. Huku kwetu Kituo kimetegemea wafadhili kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mfadhili akibadili nia, mteja hana pa kukata rufaa. Haki ya raia wa Kenya haifai kutegemea bajeti inayopangwa ng'ambo.

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipeleke maafisa wake karibu na vituo vya mahakama vya Webuye, Kimilili, Bungoma na Kitale, kwa siku zinazojulikana na zinazotangazwa makanisani, misikitini na katika mabaraza ya machifu. Matawi ya Chama cha Mawakili katika eneo hili yapange zamu ya kweli ya kesi za bure, na yasitosheke na wiki moja ya hamasisho kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret kina shule ya sheria. Wanafunzi wake walete kliniki yao masokoni Kiminini na Misikhu. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zitoe vyumba katika ofisi za wadi, maana hilo haligharimu mengi.

Wazee wa koo nao wana sehemu yao. Mgao wanaouafiki uandikwe, jina la mjane na la kila binti liwemo, kisha upelekwe mahakamani uthibitishwe. Na wewe msomaji, kama hatimiliki ya nyumbani ingali na jina la babu, anza kwa chifu wiki hii.

Kituo cha Sheria kimefanya sehemu yake kwa zaidi ya miaka 50. Tunawataka wabunge wa Bungoma na Trans Nzoia, makadirio ya bajeti yajayo yakifika mezani, walitafute fungu la Hazina ya Msaada wa Kisheria, wasimame, na wadai liongezwe.