Shanga za Baba, Kiondo cha Mama
Shule ikitangaza siku ya utamaduni, kuna nyumba hapa mtaani Section 58, Nakuru, hugeuka mahakama. Baba Mkalenjin anataka binti avae shanga za kwao. Mama Mkikuyu keshaulizia sokoni vazi la kwao, na nyanya wa pande zote mbili wanapiga simu kutoa ushahidi. Tusijidanganye: Nakuru, mji uliomwaga damu Januari 2008 watu wakiulizana nani ni wa wapi, bado una wazazi wanaosoma kabila kwenye kitambaa. Serikali nayo ilijaribu kutukatia shauri mwaka 2004, vazi la taifa likazinduliwa. Wananchi wakalitazama, wakarudi kwenye suti na mitumba. Basi kesi iliyowashinda wabunifu na mawaziri msimtwike mtoto wa chekechea. Mvisheni shanga za baba, mpeni kiondo cha mama, aende zake akaimbe. Walimu nao wamuulize kwao hupikwa nini na wakubwa husalimiwa vipi, badala ya kumpima kwa vazi la kukodi. Aliyezaliwa na makabila mawili ana haki ya kuyabeba yote.